Kifungu cha Kumi na Mbili

Gari lililomuua mdogo wangu liliingia uani kwangu Jumanne moja saa nne asubuhi, likivutwa kwa kamba na trekta. Mwenyewe alikuwa ameshika usukani, kidevu juu, utadhani bwana harusi.

Sikulitambua kwa rangi. Pikapu za kijani zilikuwa nyingi enzi za mafuta. Nililitambua kwa bampa. Upande wa kushoto lilikuwa limekunjika, likanyooshwa kwa nyundo na mtu asiyejua kunyoosha, na ndani ya kunjo bado kulikuwa na mkwaruzo wa manjano. Picha ya bampa hilo nimeitazama miaka kumi na moja, maana imebandikwa kwenye nakala ya hukumu ambayo mama anailalia chini ya godoro. Manjano ile ni ya bajaji ya mdogo wangu, Lugano.

"Hapa ndipo kwa fundi Tusekile?" akauliza yule mzee, akishuka kwa kujikongoja.

"Ndipo. Shikamoo, mzee."

"Marahaba, binti, marahaba!"

Nilimwamkia, ndiyo. Ulimi umefundwa tangu utotoni, hauulizi moyo. Nilijichukia kwa shikamoo ile siku nzima.

Yeye hakunijua. Wakati Lugano anakufa nilikuwa Zambia, migodini, nikitengeneza vichwa vya treni vya betri. Nilifika kaburi limeshafukiwa na mahakamani sikukanyaga. Jina lake nililisoma tu: Mwandemele, bwana shamba. Sasa alikuwa mstaafu, mfupi kuliko nilivyomchora kichwani, mwenye kicheko cha karibu na mkoba wa ngozi uliochanika. Nilitaka awe na sura mbaya. Hakuwa nayo, na hilo pia lilinikera.

"Tangu wafunge kituo cha mwisho cha mafuta, hili limekuwa banda la kuku," akasema. "Toa injini, weka umeme. Lakini giaboksi yangu uiache. Gari lisilo na gia mimi siliwezi, mguu unakosa kazi."

"Tutaiacha. Mota nitaifunga kwenye giaboksi hiyohiyo."

"Vizuri. Ila gia ya pili usihangaike nayo. Ina ugonjwa wa siku nyingi. Mimi huiruka, natoka ya kwanza naenda ya tatu."

"Siku nyingi, tangu lini?"

"Ah, siku nyingi tu." Akageuza uso, akaanza kuisifia migomba yetu. Kisha akauliza lile ambalo wazee wote huuliza. "Na hiki kishahidi, lazima?"

"Lazima, mzee. Bila shahidi, namba ya gari haiwaki, na gari lenye namba iliyozima halivuki kizuizi hata kimoja."

"Zamani tuliendesha bila mpelelezi kwenye dashibodi."

"Najua," nikasema.

Najua sana. Shahidi ni kijisanduku tu, ukubwa wa mche mdogo wa sabuni. Kinahisi miguu kwenye pedali, mkono kwenye gia, mwendo na breki, na kinasikia kila neno ndani ya gari. Tangu sheria ilipokileta, kesi ya ajali huamuliwa chai haijapoa, kwa sababu hakuna anayethubutu kusema uongo mbele ya kitu kilichokuwepo. Lugano alikufa miaka mitatu kabla ya sheria hiyo. Hukumu yake ilitegemea mdomo wa mtu mmoja, na mtu huyo alisema binti aliingia barabarani na bajaji bila kutazama. Basi ikaandikwa hivyo. Mdogo wangu, aliyekuwa akisimama hata kumpisha bata, akawa mzembe aliyejiua mwenyewe na kumtia hasara bwana shamba.

*

Siku mbili nilizimalizia kwenye injini. Nilikata bomba la moshi, nikatoa tangi, nikaining'iniza injini kwenye mnyororo na kuishusha juu ya matairi mabovu. Nilipima nafasi, nikachonga sahani ya chuma ya kuunganishia mota na giaboksi. Betri za chumvi nilizipanga nusu mbele, nusu chini ya bodi la nyuma. Betri za chumvi haziungui, lakini ni nzito kama dhambi. Gari liliongezeka kilo mia tatu na ishirini, na breki zake zilikuwa zilezile za drumu, za kizamani.

Alhamisi nilifungua giaboksi kuisafisha. Gia ya pili ilikuwa imeng'oka meno manne, yote upande mmoja.

Nilikaa chini kwenye mafuta machafu nikiwa nimeishika ile gia mapajani. Fundi yeyote wa milimani angeisoma kama barua. Meno hayang'oki hivyo kwa uchakavu. Yanang'oka gari likiwa linashuka kwa kasi, halina gia yoyote, na dereva aliyepagawa anajaribu kuisokomeza ya pili ili injini imshikie. Ni ule ugonjwa wa madereva wetu wa zamani: akifika mteremkoni anatoa gia, anaweka nyutro, gari linajishukia bure na yeye anahesabu ameokoa mafuta. Breki zikichemka na kulainika, hana tena kitu cha kumshika. Mahakamani Mwandemele alisema alikuwa gia ya tatu, mwendo wa arobaini.

Nilimpelekea mama ile gia jikoni. Alikuwa anamenya ndizi. Niliiweka mezani na kumweleza meno yale yana maana gani.

"Hukuwa na haja," mama akasema. "Sauti yake niliijua tangu Jumanne. Nilimpelekea chai. Akanishukuru, 'Ndaga fijo, mama.' Amekaa mbele yangu mahakamani siku nne, Tuse, na hanijui."

"Kwa nini hukuniambia?"

"Nilikuwa naogopa utamfukuza." Kisu kiliendelea kumenya. "Nikuulize. Hilo gari likiwa la umeme, akitoa gia mteremkoni itakuwaje?"

Mama hajui umeme, lakini ameishi na mafundi, baba na mimi. Nikamwambia ukweli. Gari la umeme likiwa kwenye gia, mteremkoni mota inageuka jenereta: inalishika gari ili kazi yote isiwe ya breki, na inarudisha chaji kwenye betri. Ni salama kuliko mafuta. Lakini ukitoa gia, mota imeachana na magurudumu. Unabaki na drumu za kizamani na uzito mpya.

"Na yeye atatoa gia?"

"Atatoa. Ameifanya miaka arobaini. Mkono utatoa wenyewe."

"Na sheria inakutaka umwambie?"

Hapo ndipo penyewe. Kabla gari halijatoka kwa fundi, sheria inataka gari lisemewe. Fundi anasoma vifungu kumi na moja vya hatari mbele ya shahidi, mwenye gari anajibu kila kimoja, "Nimesikia." Hao waliovitunga huko mjini walikuwa na magari ya kiwandani yasiyo na gia, kwa hiyo gia hawakuigusa. Sisi mafundi wa milimani tukaongeza kifungu chetu cha kumi na mbili, cha mdomo tu: usitoe gia mteremkoni. Hakimo kwenye karatasi. Asiyekisema hashitakiwi, ila mafundi wenzake wakijua hawampi tena mkono.

"Hainitaki," nikasema.

"Basi."

"Basi nini, mama?"

"Sikutumi uue. Nakuambia ukae kimya tu. Yeye alisema neno la uongo, mtoto wangu akazikwa nalo. Wewe usiseme neno lolote. Kukaa kimya nako kumekuwa dhambi?"

Ningependa kuandika kwamba nilimkatalia. Nilirudi uani nikaifunga giaboksi, na kila nati niliikaza nikimwona Mwandemele anashuka mteremko wa Kanyelele peke yake na mguu kwenye breki isiyoshika. Nilikuwa na furaha, furaha chafu, yenye njaa. Nilikuwa napiga mluzi.

*

Jumamosi asubuhi alikuja amevaa koti. Nikamwonyesha kazi, akazunguka akigonga bodi kwa kidole, akacheka mota ilipowaka bila sauti. "Hili sasa ni jizi," akasema. "Linanyatia!"

Nikasoma vifungu. Maji kwenye betri. Nimesikia. Waya za rangi ya chungwa zisiguswe. Nimesikia. Tulifika cha kumi na moja. Nimesikia. Nikakunja karatasi. Mama alikuwa amesimama mlangoni pa jiko akipangusa sahani iliyokwisha kukauka.

"Imekwisha?" akauliza mzee.

"Imekwisha."

Kilichobaki kilikuwa safari ya majaribio, kurudi, na lakiri. Safari ya majaribio huwa ya barabara ya tambarare, hadi shuleni na kurudi. Ukirudi, shahidi anamuuliza fundi swali moja, fundi anajibu, kisha anabonyeza lakiri na kumbukumbu zote zinafungwa, hazifunguliwi tena ila na hakimu. Kabla ya lakiri unaruhusiwa kufuta safari ya majaribio, na kila fundi huifuta, maana huwa imejaa mikwaruzo na matusi. Mpango wangu ulikuwa mwepesi: shuleni, kurudi, kufuta, lakiri, kwaheri mzee.

"Shuleni?" akasema Mwandemele, ameshaketi kwenye usukani. "Gari hupimwa mlimani, binti. Twende Kanyelele."

Ningeweza kukataa. Ningesema betri haijajaa, na angeamini. Badala yake nilichukua kibao changu cha kuongozea mota, nikaingia, nikafunga mkanda. Nilitaka kuona. Mtu akikuambia kisasi kinapoza moyo, muulize kwanza kama amewahi kukaa kiti cha pembeni.

Juu ya Kanyelele barabara inaonekana yote, kona tano zikishuka kati ya mashamba ya chai hadi pale chini kwenye uwanda wanapopakia maparachichi. Mzee akavuta pumzi. Mkono wake ukaenda kwenye gia, taratibu, bila yeye kuutazama, ukaitoa.

"Tuokoe chaji," akasema, akanikonyeza.

Sikusema kitu.

Kona ya kwanza tulikuwa hamsini. Ya pili, sabini. Alikuwa anakanyaga na kuachia, na kila akikanyaga pedali ilikuwa inashuka kidogo zaidi. Harufu ya breki ilianza kuingia, ile harufu ya kitambaa kilichoungua. Shahidi alikuwa anawasha kijitaa chake cha kijani kwenye dashibodi, ananisikiliza nikinyamaza.

Kona ya tatu tuliichukua upande usio wetu.

"Fundi. Breki zinalainika."

"Naziona."

"Fundi!"

"Ni kama siku ile, mzee?"

Alinitazama, kwa nusu nukta tu, kwa sababu barabara ilikuwa inamdai macho. "Siku ipi?"

"Siku ulipong'oa meno ya gia ya pili. Mdogo wangu aliitwa Lugano. Alikuwa na bajaji ya manjano."

Uso wake ulimshuka wote. Mkono ukarukia gia, ukasokomeza, giaboksi ikapiga ukelele wa chuma, ikakataa. Mshale ulikuwa themanini na tano.

"Haitaingia," nikasema. "Kibao ndicho kinachoweza kuiingiza, na kibao ninacho mimi. Sema kwanza."

"Tutakufa wote!"

"Sema."

Akasema. Maneno yalimtoka kama mtu anayetapika, macho mbele. "Nilitoa gia. Nilitoa gia kule juu, kama leo. Breki zikaisha. Nikatafuta ya pili, ikavunjika. Hakuingia barabarani, binti. Hakuwa barabarani kabisa! Alikuwa ameegesha kule pembeni kwenye majani, anapanga maparachichi, kanipa mgongo. Mimi ndiye niliyemfuata."

Kanipa mgongo. Miaka yote hiyo nilikuwa nikijiandaa kusikia kwamba Lugano hakuwa na kosa. Sikujiandaa kusikia kwamba hakujua hata kilichomjia.

Nilitaka kunyamaza kona moja zaidi. Naandika hivyo kwa sababu ndivyo ilivyokuwa. Nilikuwa nimeshapata nilichokitaka na bado nilitaka apate hofu zaidi, na ndipo tukaizunguka kona ya nne na mbele yetu kulikuwa na trekta la chai linatambaa, na juu ya magunia ya majani wanawake sita au saba wameketi, wametupa mgongo.

"Klachi! Kanyaga klachi, weka ya tatu nikikwambia!"

Mota ya umeme ina fadhila moja ambayo injini haikuwa nayo: unaweza kuizungusha kwa kibao hadi ilingane kasi na magurudumu. Vidole vyangu havikuwa vyangu. Namba zikapanda, zikalingana.

"Sasa!"

Gia ikaingia bila hata sauti. Mota ikalishika gari, kifua changu kikapiga mkanda, chaji ikaanza kurudi kwenye betri na mwendo ukaanguka. Sitini. Thelathini. Tulisimama hatua kumi kutoka nyuma ya tela. Mwanamke mmoja akageuka, akatuona, akatupungia mkono kama mtu anayesalimia jirani.

Mzee aliegemeza paji la uso kwenye usukani akalia. Mimi sikulia. Nilikuwa nahesabu: kona nne. Ningeweza kumwambia ile ya kwanza.

*

Nilirudisha gari mwenyewe. Mama alitupokea uani, akatazama nyuso zetu. Niliunganisha shahidi kwenye spika nikamsikilizisha. Aliposikia "kanipa mgongo" alikaa chini pale pale kwenye mchanga. Kisha nikairudisha kumbukumbu mwanzo, akasikia na yaliyotangulia: kona ya kwanza, upepo, breki, kimya changu. Kona ya pili, kimya changu. "Sema kwanza." "Tutakufa wote."

"Hiyo sehemu nayo wataisikia?" mama akauliza.

"Ni kipande kimoja, mama. Haikatwi. Ama yote, ama ifutwe yote."

Mwandemele alikuwa amekaa kwenye tairi, amezeeka kwa asubuhi moja. "Ifute, mwanangu," akasema. "Si kwa ajili yangu tu. Hakimu atakapomaliza na mimi atakugeukia wewe. Wale wanawake juu ya trekta, sheria haitawasahau. Mimi nimebakiza miaka mingapi? Wewe bado. Nitakuja hapa kila mwaka nipige magoti kaburini kwake, naapa. Ifute."

"Magoti yako siyataki," nikamwambia. "Kwenye karatasi ya serikali mdogo wangu ni mzembe. Magoti yanafuta karatasi?"

"Tuse." Mama alikuwa amenishika upindo wa ovaroli, kwa vidole vile vilivyokuwa vinamenya ndizi. "Mimi ndiye niliyekwambia unyamaze. Mimi. Futa, mwanangu. Nilizika mmoja, nisije nikapoteza wawili. Nimeshamsikia kwa masikio yangu, inanitosha."

Inakutosha wewe, nilifikiri. Lugano je? Na sikuwa nafikiri kuhusu haki, asije mtu akanipamba. Nilikuwa namtazama yule mzee kwenye tairi na kuona kwamba nikifuta, kesho atakunywa chai yake, na uongo wake utaendelea kukaa chini ya godoro la mama yangu na muhuri wa mahakama juu. Nilitaka aumie kwa kweli, kwa jina lake kamili, mbele ya watu. Ikiwa bei yake ni mimi kusimama kando yake kizimbani, basi nitasimama. Nilikuwa na haki ya kumchukia. Wale wanawake juu ya magunia hawakuwa na deni lolote na mimi.

Nikabonyeza kitufe cha kumaliza. Kijitaa kikageuka chekundu, na shahidi akaniuliza kwa ile sauti yake tulivu, swali ambalo nimelijibu mara mia mbili bila kulifikiri, huku nikipangusa mikono na tambara:

"Fundi, umesema yote?"

Mama akaniachia upindo.

"Hapana," nikasema. "Kifungu cha kumi na mbili sikukisema. Nilikijua. Nilikusudia."

Kisha nikaweka lakiri.